Maswali ya Wasomaji: Ndege Wanaozunguka Juu ya Mapaa Yetu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naandika nikiwa na hofu kidogo. Kwa muda sasa kundi la ndege wakubwa linazunguka juu ya nyumba zetu. Huanza kuonekana mnamo saa nne asubuhi, jua likishapanda, na jioni hutua kwenye mikaratusi iliyo nyuma ya ghorofa letu. Juzi nilijaribu kuwahesabu, nikafika thelathini, hesabu ikanipotea. Wana rangi ya kahawia iliyokolea. Kinachonichanganya ni mkia. Kuna wakati nauona umegawanyika panda mwishoni, na mara nyingine umenyooka kabisa, kwa hiyo nadhani ni aina mbili za ndege. Jirani wa chini anasema ni tai. Wa juu anasema ni tumbusi, na kwamba lazima pana mzoga. Mama mmoja mtu mzima ameshasema ni dalili ya msiba. Nina mtoto wa miaka miwili anayecheza uani, na kwenye kikao cha wakazi wapo waliopendekeza kutega nyama yenye sumu. Tusaidie kabla hawajafanya hivyo.
*Mama wa mtoto mmoja, ghorofa ya pili*

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na lisilosubiri: wasitege sumu. Sababu zinakuja, lakini kama kikao kingine ni kesho, hilo lifikishe leo.

Sasa tuwatazame ndege wenyewe. Barua yako imebeba mengi kuliko unavyodhani, na lenye uzito kuliko yote umelitaja kwa kupita tu: kwamba wako thelathini. Watu wengi wakimwona ndege mbuai, yaani ndege mla nyama, hukimbilia rangi. Mimi huuliza kwanza wako wangapi. Mbuai walio wengi hawapendi kukaa na wenzao. Tai huishi wawili wawili, dume na jike, na tai mwingine akiingia eneo lao hufukuzwa. Kipanga huwinda peke yake, akivizia katikati ya majani. Kwa hiyo anga ikiwa na ndege thelathini wanaozunguka pamoja siku baada ya siku, majina mengi yameshafutika kabla hujainua darubini. Wanabaki wachache: mwewe, tumbusi, kozi wadogo wanaosafiri kwa makundi, na mbuai wengine wanaosafiri kwa msimu kama shakevale. Jirani wako wa chini, kwa heshima zote, atafute jina jingine.

Mkia wako wa aina mbili ndio ulionipa jibu. Hao si ndege wa aina mbili, ni mwewe. Mwewe akiufunga mkia, ncha zake mbili hutokeza na katikati hubonyea, kama mkia wa samaki. Akiutanua ili ageuke au apunguze mwendo, ule mbonyeo hupotea na ukingo wa mkia huonekana umenyooka. Mtazame mmoja tu, usihamishe macho, kwa muda wa mizunguko michache. Utaona mkia huohuo ukifunga na kufunguka, na utaona jambo lingine ambalo ndilo alama yake kubwa: mwewe huupindisha mkia kulia na kushoto bila kupumzika, akiutumia kama usukani, huku mabawa yametulia. Tumbusi hafanyi hivyo. Tai hafanyi hivyo. Mimi humtambua mwewe kwa mkia huo hata akiwa mbali kiasi kwamba rangi haionekani.

Ukitaka kuhakikisha zaidi, subiri mmoja ashuke chini. Bawa la mwewe ni refu na limekunjika kidogo pale kwenye kiwiko. Akiwa karibu, tazama mdomo. Yule mwewe wa Afrika, akiwa amekomaa, ana mdomo wa njano mtupu. Yule anayekuja kutoka Ulaya na Asia ana mdomo mweusi wenye njano kwenye shina lake tu. Lakini makinda ya wa Afrika nayo huwa na mdomo mweusi, kwa hiyo usigombane na mtu juu ya mdomo mpaka umewaona ndege kadhaa.

Tumbusi angekuwa na umbo jingine kabisa. Mabawa yake ni mapana mithili ya ubao, manyoya ya ncha yametawanyika kama vidole, mkia ni mfupi, na kichwa kidogo hakitokezi sana mbele. Yupo tumbusi mmoja wa bara la Amerika anayeinua mabawa yake yakafanya umbo la V na kuyumbayumba hewani. Huyo hutafuta mizoga kwa kunusa. Tumbusi wa Afrika, Asia na Ulaya hutegemea macho. Humtazama tumbusi mwenzao, na mmoja akishuka, wa mbali humfuata, na wa mbali zaidi humfuata huyo. Ndiyo maana mzoga mmoja huweza kujaza anga kwa muda mfupi. Ila kundi la namna hiyo hushuka. Kundi lako haliko katika kushuka. Huzunguka asubuhi, hutawanyika, hurudi jioni. Jirani wa juu hana haja ya kutafuta mzoga.

Na saa nne ina sababu yake. Mapaa ya mabati, lami na kuta hupata joto haraka kuliko miti na majani. Hewa iliyo juu yake ikipata joto hupanda, na ndege mwenye mabawa marefu akiingia ndani ya hewa hiyo hupandishwa bila kupiga bawa. Akitoka nje ya mkondo huo angeanza kushuka, ndiyo maana anazunguka: anajizuia asitoke. Wanapopanda juu vya kutosha huteleza kuelekea wanakotafuta chakula. Kwa hiyo mnachokiona asubuhi si kwamba wanaivizia nyumba yenu. Nyumba yenu inawapa ngazi.

Jioni ni habari nyingine, na hapo ndipo ninapowapenda ndege hawa zaidi. Mwewe wasiokuwa na makinda hulala pamoja, wakati mwingine mamia kwenye miti michache mirefu. Hufika kabla ya giza, hugombea matawi, huondoka, hurudi, mpaka kila mmoja atulie. Mikaratusi huwafaa kwa sababu ni mirefu na matawi yake ya juu yako wazi. Mwezi mwingine mti huohuo utakuwa mtupu, maana mwewe ni wahamaji. Wakiwa karibu kuondoka hujikusanya zaidi, kwa hiyo kuongezeka kwao ghafla huenda ndiyo kuaga kwenyewe. Ndege hawa hukwepa kuvuka bahari pana, kwa kuwa juu ya maji hakuna ile hewa ya kuwapandisha. Hivyo hujisonga pale bahari inapokuwa nyembamba, kama Gibraltar kati ya Hispania na Moroko, Bosporus kule Uturuki, na Bab-el-Mandeb kati ya Yemen na Jibuti. Kule Veracruz, Mexico, mbuai wanaopita msimu mmoja huhesabiwa kwa mamilioni. Nyumba yoyote iliyo kwenye njia ya namna hiyo itaona anga likijaa kwa siku chache, kisha likatakata.

Chunguza pia kinachowaweka hapo. Tembea kidogo: je, kuna jaa lisilofunikwa, machinjio, soko la samaki, eneo la nyasi lililochomwa moto? Mwewe ni mla masalio kuliko mwindaji. Huokota utumbo, panya waliokufa, mijusi, na kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua, ambao huwadaka kwa kucha na kuwala hewani hapohapo. Panapowaka moto hukimbilia huko, akiwadaka panzi na panya wanaokimbia. Wazawa wa kaskazini mwa Australia wameshuhudia mwewe wakibeba vijiti vinavyowaka na kuviangusha kwenye nyasi ambazo hazijaungua.

Kuhusu mtoto wako. Mwewe akionekana mkubwa angani ni kwa sababu ya mabawa, ambayo yakitanuliwa hukaribia mita moja na nusu toka ncha hadi ncha. Mwili wenyewe hauna kitu: mara nyingi haufiki kilo moja. Ndege wa uzito huo hawezi kuinua mtoto wa miaka miwili, wala mbwa, wala paka aliyekomaa. Anachoweza ni kunyakua kifaranga, na anachofanya kwa ustadi mkubwa ni kupokonya kipande cha nyama mkononi. Kwa hiyo mtoto acheze, ila asile nyama au samaki akiwa uani peke yake wakati wa kundi hilo, kwa sababu kucha ya mwewe anayedokoa inaweza kumchubua. Vifaranga wawekwe chini ya wavu mpaka wakue.

Yule mama mtu mzima msimdharau. Watu wamewaona ndege hawa juu ya mizoga na viwanja vya vita kwa vizazi vingi, na hofu hiyo ina chimbuko. Mpeleke tu dirishani saa nne, mwonyeshe mmoja akiingia kwenye hewa ya joto na kupanda bila kupiga bawa. Mwonyeshe na saa ileile kesho yake.

Sasa sumu. Nyama yenye sumu haichagui. Atakula mwewe, atakula paka wa jirani, atakula mbwa, na iko uani anakocheza mtoto wa miaka miwili. Ndege aliyekufa kwa sumu naye huliwa na mwingine. Nchini Guinea-Bissau, kati ya mwishoni mwa 2019 na 2020, tumbusi zaidi ya 2,000 wa aina moja waliuawa kwa sumu iliyotegwa, ilhali aina hiyo tayari iko hatarini kabisa kutoweka. Na India imeonyesha kinachofuata wala-mizoga wakiondoka. Katika miaka ya 1990 tumbusi walianza kufa kwa wingi, na aina moja iliyokuwa ya kawaida kila mahali ikapungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2004 ilithibitishwa kwamba chanzo ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi aliyekula mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa figo zake zilikufa. Dawa hiyo ikapigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006 nchini India, Nepal na Pakistan. Kwa wakati huo mizoga ilikuwa imebaki kwa mbwa wasio na mwenyewe, nao wakaongezeka, pamoja na hatari ya kichaa cha mbwa. Sikuambii haya kukutisha. Nakuambia ili uwe na la kusema kwenye kikao. Ongeza na hili: katika nchi nyingi mbuai wanalindwa na sheria, na anayewatilia sumu anajibu mahakamani.

Kama kinyesi chini ya miti kimewachosha, funikeni taka kwanza. Hilo peke yake hupunguza wengi. Kisha wafukuzeni jioni wanapotaka kutua, kwa kupiga makofi, masufuria au kurusha maji ya mpira, jioni kadhaa mfululizo. Usiku ukiingia mmeshachelewa. Ila msifanye hivyo mti ukiwa na kiota chenye mayai au makinda.

Swali: Mwalimu, mimi napita njia ileile kwenda kazini. Ghafla mwewe mmoja ameanza kunipiga kisogoni kila nikipita chini ya mti fulani. Wengine hawagusi sana. Nimemkosea nini?
*Mpita njia*

Jibu: Kaka, hujamkosea. Juu ya mti huo kuna kiota, na mmoja wa wazazi amekuona wewe ni hatari. Mayai ya mwewe hulaliwa kwa takriban mwezi, kisha makinda hukaa kiotani wiki sita au zaidi. Makinda yakiruka, vita vimekwisha.

Angalia kwamba anakupiga kisogoni, hakupigi usoni. Ndege anayelinda kiota husubiri umpe mgongo. Ukigeuka ukamtazama, mara nyingi hukatiza. Beba mwavuli uliofunguliwa, au zunguka mti kwa upande mwingine wa barabara kwa msimu huo. Wengine hawapigwi pengine kwa sababu hawapiti karibu hivyo, au hawasimami chini ya tawi lile. Usirushe jiwe. Utamfundisha kwamba alikuwa na haki ya kukuogopa, na atakusubiri.

Swali: Nawapiga picha kwa simu lakini zote hutoka nyeusi, hakuna rangi. Nitawatambuaje? Na nitajuaje kwamba si korongo?
*Kijana wa darubini ya kuazima*

Jibu: Swali lako limenifurahisha, kijana, kwa sababu picha nyeusi ni nzuri kuliko unavyoamini. Anga ikiwa na mwanga nyuma ya ndege, rangi inakufa lakini umbo linabaki, na umbo halidanganyi. Rangi hudanganya sana: kinda na mzazi hutofautiana, dume na jike hutofautiana, na jua la jioni humpaka kila ndege wekundu.

Acha picha za kusimama, piga video. Kisha itazame polepole ukijiuliza mambo machache. Je, bawa limechongoka kama upanga na linapigwa kwa haraka? Huyo ni kozi. Je, bawa ni fupi na la mviringo, mkia ni mrefu, na ndege anapiga mabawa mara chache kisha anateleza, tena anapiga? Huyo ni kipanga, na akiwa peke yake ndiyo zaidi. Je, bawa ni pana lenye vidole na mkia mfupi? Tumbusi, au tai kama kichwa kinatokeza vizuri mbele. Je, mkia unapindishwa kulia na kushoto? Umeshajua.

Korongo utamkamata kwa miguu. Mbuai akiruka, miguu yake hujificha kwenye manyoya ya tumbo, mkia ndio wa mwisho. Korongo hunyoosha miguu nyuma ikavuka mkia, nawe utaiona hata kwenye picha nyeusi. Hili ni la muhimu kwa sababu korongo nao huzunguka kwenye hewa ya joto kwa makundi, na yule korongo mkubwa mwenye upara anayekaa majalalani watu wengi humwita tumbusi. Huruka akiwa amekunja shingo, kwa hiyo shingo haitakusaidia. Tazama miguu, kisha mdomo: ule mdomo mrefu kama kabari hakuna mbuai aliye nao.

Kunguru ni rafiki yako pia. Wakimwona mbuai humshambulia kwa kelele, na kunguru ukubwa wake unaujua. Ukimwona kunguru pembeni ya ndege usiyemfahamu, umepata kipimo bila rula. Andika kila kitu kabla ya kufungua kitabu: saa, idadi, kama wanashuka au wanapita, upepo unatoka wapi. Kumbukumbu huanza kufanana na picha ya kitabu mara tu ukiifungua.

Kama kundi lako ni la kozi wadogo, wakifika jioni kwa mamia kwenye mti mmoja, basi una bahati ambayo watu husafiri kuitafuta. Kozi wa Amur huzaliana Siberia na kaskazini mashariki mwa China, hupitia Nagaland kule India, huvuka Bahari ya Hindi na kufika kusini mwa Afrika. Ndege huyo hafiki gramu 200. Katika miji midogo ya Afrika Kusini hulala kwa maelfu kwenye miti mirefu iliyo katikati ya nyumba za watu. Mwaka 2012 ilifichuka kwamba huko Nagaland walikuwa wakinaswa kwa nyavu kwa makumi ya maelfu. Mwaka uliofuata wanavijiji walewale waliacha, wakawa walinzi wao. Kila nikiwaza mabaraza yale ya kijiji yaliyokaa na kuamua, napata moyo.

Swali: Mwewe amechukua kitambaa changu cha kichwa kwenye kamba ya nguo. Jirani haamini. Je, inawezekana?
*Niliyeibiwa*

Jibu: Inawezekana kabisa, dada. Mwewe hutandika kiota kwa vitambaa, karatasi na plastiki. Watafiti waliowafuatilia mwewe kule Doñana, Hispania, walitoa matokeo mwaka 2011: ndege wenye nguvu ndio waliopamba viota vyao kwa plastiki nyeupe kwa wingi, na mapambo hayo yaliwaonya wengine wasije kugombea eneo. Waliozeeka sana na wachanga hawakupamba, maana hawana uwezo wa kulilinda. Kama kitambaa chako kilikuwa cheupe, kimepelekwa mahali pa heshima. Kwa sasa bana nguo ndogondogo kwa vibanio viwili, au zianike chini ya paa.

Swali: Tumezoea kuwarushia mabaki ya nyama, watoto wanafurahi. Ni vibaya?
*Baba wa nyumba yenye bustani*

Jibu: Ndiyo, ningeacha. Mji wa Reading, Uingereza, ni mfano mzuri. Mwewe wekundu walikuwa wametoweka England, sehemu ya Uingereza uliko mji huo, kwa zaidi ya miaka mia moja; wakarudishwa katika vilima vya Chiltern kuanzia karibu mwaka 1990, wakastawi, na watu wa Reading wakawa wanawalisha kwenye bustani. Sasa mamia huingia mjini mchana. Shida ni mbili. Nyama tupu isiyo na mfupa haina kalsiamu ya kutosha kwa makinda, ambayo yanahitaji kula mnyama mzima na mifupa yake. Na ndege aliyezoea mkono wa mtu atamshukia hata mtoto wa jirani aliyeshika mkate, ambaye hajui lolote kuhusu makubaliano yenu. Punguzeni kidogo kidogo, na hasa msiweke chochote msimu wa viota.

Swali: Je, bundi nao hukusanyika, au wakionekana wengi ni jambo la kuogopa?
*Msomaji wa usiku*

Jibu: Wapo wanaokusanyika. Kikinda, mji wa Serbia, kila majira ya baridi hupokea bundi wenye masikio marefu kwa mamia, nao hulala mchana kutwa kwenye miti ya uwanja wa katikati ya mji, watu wakipita chini yao. Huja kwa sababu mashamba ya karibu yana panya wengi na miti ya mjini inakinga upepo. Ukiwapata kwako, okota zile bonge za manyoya na mifupa wanazozitapika chini ya mti. Ukizivunja kwenye maji utakuta mafuvu ya panya mmoja mmoja, na utajua ni wangapi wamekwisha kwenye ghala lako. Nawe usitumie sumu ya panya karibu na mti huo. Panya mwenye sumu hutembea polepole, na bundi humdaka wa polepole kwanza.

Swali: Nimekuta kinda la mwewe chini ya mti, lina manyoya kamili lakini haliruki. Nifanyeje?
*Wa haraka tafadhali*

Jibu: Kama lina manyoya kamili, limesimama kwa miguu yake na halina damu, liache. Limeanza kujifunza kuruka na wazazi wako karibu, hata usipowaona. Waondoe paka na mbwa, au lipandishe kwenye tawi la chini ukiwa umevaa glavu nene au ukilifunika kwa taulo, maana kucha zake zinachoma. Kama bawa linaning'inia au lina jeraha, lifunike kwa taulo, liweke kwenye boksi lenye matundu ya hewa, mahali pa giza na tulivu, usilipe chakula wala kulimiminia maji mdomoni, kisha mpigie daktari wa mifugo au idara ya wanyamapori siku hiyohiyo.